Nilivyomkalia Mama Mkwe Mapajani

Natete, Kampala

Mama,

Ile habari mliyoisikia redioni kwamba Uganda imefunguliwa ni ya kweli, na aliyeifungua ni mimi mwanao Muta. Serikali ilitangaza tu. Kutangaza nako ni kazi? Kazi ni kumtoa mtu ndani, mtu aliyekuwa anaogopa hata kitasa cha mlango wake mwenyewe, ukampakia kwenye pikipiki, ukampeleka sokoni na kumrudisha anacheka. Hiyo nimeifanya mimi. Hapa Natete ukiuliza yuko wapi yule Mtanzania wa pikipiki nyekundu, hata mbwa watakutangulia kukuonyesha.

Haya, sasa shikamoo mama. Nimetanguliza sifa kwa sababu nakujua, ukishasema marahaba unaanza maswali, na mimi nilitaka nipumue kidogo. Mgongo unasemaje, bado unakukatalia kuinama kibanjani? Kahawa mmeshaanika au mvua inawachezea? Na bibi, bado anagombana na jogoo? Mimi ni mzima, nakula, nimeongezeka mwili, na sura ndiyo usiseme. Juzi mama mmoja wa sokoni alisema kama angekuwa na binti wa pili angenipa bure.

Utashangaa naandika barua na simu unayo. Mama, ile yako si simu, ni kipaza sauti cha Nshamba nzima. Nikipiga unaiweka juu ya meza, unaibonyeza ile sauti kubwa, na kabla sijamaliza kukusalimu namsikia Ma Anastela wa jirani ananiuliza kama huku tunakula ndizi au tunakula ugali. Mara ya mwisho uliniuliza mbele yao wote, "Mkwe unamleta lini?" Nikasema mtandao mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri sana. Kwa hiyo barua hii nimempa Sadiki, yule dereva wa lori wa Bukoba mjini, akupe mkononi. Isome peke yako. Najua umeshapaka chumba chokaa, na bibi ameapa hafi mpaka ampakate Nakato kama mila yetu inavyotaka. Habari ya Nakato ndiyo ninayokuja kukueleza, ila nianzie mbali kidogo, univumilie.

Wakati ule wa kufungiwa, bodaboda tulikatazwa kubeba watu. Mizigo tu. Nimebeba ndizi nyingi kuliko wataalamu wote wa kituo cha kilimo cha Maruku walizowahi kuzipima. Nimebeba mkaa, nimebeba nguruwe aliyenitazama njia nzima kama ananidai, nimebeba kabati. Halafu siku moja wakasema haya, bebeni watu, ila mmoja mmoja na barakoa. Nilidhani watu watatumiminikia kama senene kwenye taa. Wapi. Abiria wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja mwenye afya yake, akaweka beseni katikati, mimi huku, yeye kule, kila nikifunga breki beseni linanipiga kiuno. Wa pili alikaa ameangalia nyuma. Wa tatu alikuwa kijana wa rika langu, huyo akanikumbatia mpaka mbavu zikalia.

Nikamwambia, "Ssebo, bwana wangu, tunakwenda polepole, hutaanguka."

Akasema, "Najua. Endesha tu. Nimekaa chumbani peke yangu tangu watu wafungiwe, sijamshika mtu."

Nikaendesha polepole zaidi mama, bila utani hata mmoja. Na wewe unajua kunyamaza si kipaji changu.

Hivyo ndivyo nilivyoona kwamba watu hawafunguliwi kwa tangazo. Wengine walitoka siku ileile wakaimba barabarani. Wengine wamechungulia dirishani wakarudi kulala. Mzee mwenye duka pale mbele ya kijiwe chetu ameacha ile kamba yake ya kuzuia wateja mpaka leo, anakurushia sukari kama anamlisha simba.

Sadiki anasema kila nchi imelipokea tangazo la kufunguliwa kwa tabia yake. Yeye ndiye anajua, maana lori lake lilipita mipaka yote, na pale Mutukula alikaa kwenye foleni ya kupimwa mpaka akajifunza kusukuma chapati. Watoto wa njiani walikuwa wakiliita lori lake "gari la korona" na kukimbia, na mtu huyu ana watoto wake nyumbani, lilimuuma. Siku moja alikuja kijiweni kunywa chai, tukamzunguka.

"Wakenya," alisema, "siku walipoondolewa kafyu, hata mwenye kitanda kizuri alikataa kukilalia. Walizunguka tu barabarani, hawana pa kwenda, wanataka tu waonekane wako nje."

"Na Wanyarwanda?"

"Hao waliambiwa baa zimefunguliwa. Wakapanga foleni, wakanawa mikono, wakanywa, wakarudi nyumbani mapema kama wametoka ibadani. Nilimwona mmoja barakoa inaning'inia sikio moja, akimeza funda anairudisha, akimeza funda anairudisha."

Tukacheka. Nikamwuliza, "Na kwetu Bukoba?"

"Bukoba niliwaambia pale sokoni kwamba Waganda wamefunguliwa. Mzee mmoja akaniuliza, 'Kwani walikuwa wamefungwa?'"

Kijiwe kizima kilianguka kwa kicheko, na mimi nikapiga kifua, nikawaambia mnaona, sisi ni wanaume, hatukujificha uvunguni. Sadiki akaniangalia. Akasema, "Usipige kifua, mdogo wangu. Yule mzee aliniuliza vile, halafu akaniomba nimbebee sanda. Kwetu hatukufunga mlango, kwa hiyo hatuna siku ya kuufungua. Wenzetu hawa wana siku ya kulia na siku ya kushangilia. Sisi tulikunywa tangawizi, tukajifukiza, mtu akiondoka tukasema alipata changamoto ya kupumua, tukanyamaza." Akamaliza chai yake. Na mimi nikatafuta abiria.

Sasa Nakato. Unajua ni mwalimu wa shule ya msingi, hilo nilikuambia mara nyingi kuliko ulivyoniuliza. Shule zilipofungwa akauza mkaa, mimi ndiye niliyembebea magunia, na mapenzi yetu yalianza wote wawili tukiwa weusi usoni. Kwao ni Mpigi, kandokando ya barabara kubwa. Yeye ni pacha wa pili, ndiyo maana anaitwa Nakato, na mama yake wanamwita Nalongo kwa heshima ya kuzaa mapacha, baba yao akaitwa Ssalongo. Huyo Ssalongo alifariki katika lile wimbi la pili. Walikuja watu waliovaa nguo nyeupe za plastiki mpaka machoni, wakamteremsha, wakafukia, wakapulizia dawa, wakaondoka. Familia walisimamishwa kule kwenye migomba. Mjane hakuruhusiwa kusogea. Nakato aliponisimulia alikuwa anapanga mkaa kwenye ndoo, hakuinua macho.

Tangu hapo Nalongo akawa mtu wa ndani. Ruhusa zikatoka, majirani wakatoka, yeye hakutoka. Mimi nikifika, ndio kabisa. Nikiingia uani, anaondoka. Nikimsalimu, anaitikia akiwa nyuma ya mlango, amejifunika kitambaa. Hajawahi kunipa mkono hata siku moja. Nikasema moyoni, masikini, korona imemtia huyu mama woga. Na wewe unajua moyo wangu, nikaapa kwamba mimi ndiye nitakayemwondoa woga huo.

Mikusanyiko iliporuhusiwa tukaenda kujitambulisha. Najua baba mdogo Rwegasira alirudi huko akakuambia mambo yalikwenda vizuri sana. Alisema hivyo kwa sababu yeye ndiye aliyenisukuma.

Kwanza, barakoa aliivaa kidevuni siku nzima, kila akiambiwa apandishe anasema ndevu zinaona baridi. Pili, tulikaa vizuri, mimi na kanzu na koti, wao upande ule na sisi upande huu, msemaji wao anazungumza Kiganda cha zamani kitamu kama pombe ya rubisi ya siku ya kwanza. Wakapokea vikapu, wakanikubali, Nakato akapiga magoti, pacha wake akanipa juisi. Msemaji akasema tumshukuru Mungu, sasa tumeruhusiwa kukaa karibu, haya sogezeni viti tuonane. Watu wakasogeza viti kwa furaha, unaona kabisa walivyokuwa na njaa ya kukaa bega kwa bega. Nalongo peke yake akabaki pale pale, kwenye mkeka wake chini ya ukuta, amejifunika.

Baba mdogo akaniinamia. "Muta, mbona hawajakupakata?"

"Huku hawana hiyo, baba mdogo."

"Hawana nini? Kila mtu ana mapaja."

"Kila watu na yao."

"Shemeji nitamwambia nini? Kwamba mwanawe amekubaliwa kwa mdomo tu? Kwetu mkwe asipoketi mapajani mwa mama mkwe hajawa mtoto wa nyumba. Atabaki mgeni mpaka uzeeni. Nenda. Huoni yule mama anavyojitenga? Anangoja ujasiri wako."

Alijua pa kunishika, pale aliposema ujasiri. Nikasimama. Nikavuka uwanja, watu wakatabasamu, walidhani nakwenda kupiga magoti. Nalongo akaniona nakuja, akajivuta ukutani. Nikamwambia kwa Kiganda changu, "Usiogope mama, sasa tumefunguliwa." Nikageuka, nikakusanya kanzu, nikaketi.

Mama, kulinyamaza mpaka nikasikia mbuzi anatafuna. Halafu wanawake wakapiga yowe kama nyumba inaungua. Viti vikaanguka. Senga, yaani shangazi yao ambaye ndiye mkuu wa mambo yote ya ndoa kwa Waganda, alianguka magoti akawa anamwita Mungu na wazee wa ukoo kwa zamu. Nakato alijifunika uso kwa mikono miwili. Baba mdogo alianza kupiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha.

Lakini mimi nilikuwa mapajani, na nilichokisikia pale hawakukisikia wao. Kwanza mwili wa Nalongo ulikuwa mgumu kama benchi la kanisani. Halafu mikono yake ikaja. Ikanizunguka tumboni, ikashika koti langu, ikalishika kwa nguvu, na paji la uso wake likalala mgongoni kwangu. Akasema taratibu sana, "Ssalongo hatukumgusa." Neno hilo tu. Ndipo Senga akafika akanivuta kwa kola, na ile mikono haikuachia mara moja, ilibidi waitoe kidole kidole.

Baadaye msemaji aliniweka pembeni kama mtoto wa darasa la kwanza. Kumbe kwa Waganda mama mkwe na mkwe wa kiume hawagusani kabisa mpaka kaburini. Ukimgusa, wanasema unapatwa na obuko, ugonjwa wa kutetemeka mikono. Ule umbali wote niliodhani ni wa korona ulikuwa wa mila, na ulikuwepo kabla babu yangu hajazaliwa. Ule wa korona serikali inaweza kuulegeza. Huu hakuna wa kuulegeza.

"Sasa nimeharibu kabisa?" nikamwuliza.

"Umeharibu, lakini dawa ipo," akasema. "Utaleta shuka la mama na mbuzi. Utakuja mchana, mbele ya watu wote waliokuwepo leo, utasimama mbali naye, uombe radhi kwa mdomo wako. Akiitikia, imekwisha, tutakupa msichana. Usipokuja, tutajua ulimkalia kwa dharau."

Wakanipangia siku. Ilikuwa nyepesi, unaona? Kijiweni walinitania mpaka nikapata jina jipya, wananiita Kiti. Abiria wakipanda wanasema, "Leo Kiti ndiye anayekaliwa." Nikacheka nao, nikaongeza chumvi, nikasimulia vizuri kuliko ilivyotokea. Na Nakato mwenyewe, baada ya kunikasirikia, alinipigia simu anacheka.

"Unajua mama ametoka nje?" akasema. "Jana alikwenda mwenyewe kisimani. Leo amekaa na majirani wanamenya ndizi."

"Si nilikuambia? Mimi ni dawa."

"Usijisifu. Senga akikusikia ataongeza mbuzi wa pili."

"Mwambie aongeze na kondoo."

"Muta, sikiliza. Mama ameniuliza unapenda kula nini. Hajauliza swali kama hilo tangu baba afariki. Wewe njoo tu siku hiyo, uombe radhi, usilete utani."

Nikasema nitakuja hata kama mvua itanyesha mawe.

Sasa mama, nisalimie watu kabla karatasi haijaisha. Bibi mwambie mjukuu wake anamtii kwa kila kitu isipokuwa kuoga maji ya baridi. Dada Koku mpe hongera ya mtoto, na mtoto akifanana na mimi asimlaumu mumewe, ni uzuri wa ukoo. Mchungaji mwambie nasali, Jumapili zile ambazo abiria ni wachache. Ma Anastela wa jirani mwambie tunakula ndizi. Baba mdogo Rwegasira msalimie pia, usimgombeze sana, alitaka nipokelewe. Kama bibi atakuuliza habari za kumpakata Nakato, nakuomba usimjibu bado, maana wewe mwenyewe sijakujibu.

Siku ile ilifika. Mbuzi nilimfunga nyuma ya pikipiki tangu asubuhi, shuka liko kwenye mfuko, kanzu imepigwa pasi. Nilipotaka kuwasha, mkono ukatetemeka. Mimi siamini mambo ya obuko, lakini mkono ulitetemeka. Nikauona akilini uwanja ule, watu wote wamekaa wananingoja, na mimi nasimama katikati bila mzaha wowote wa kujifunikia. Nikasema nipite kwanza kijiweni nipate chai. Kijiweni baa ya jirani ilikuwa ndiyo inafunguliwa tangu ifungwe, wametoa spika nje, watu wanacheza mchana kweupe, wananiita Kiti, Kiti, njoo. Nikakaa. Nakato akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Nimekwama. Polisi wameweka kizuizi, wanarudisha bodaboda zote."

"Kizuizi cha nini tena?"

"Ya korona hayo. Wamefunga barabara."

Akasema, "Nasikia muziki, Muta."

"Ni gari linapita."

"Mama yuko nje tangu asubuhi. Amesogeza mkeka wake mpaka karibu na barabara ili akuone unavyokuja. Senga amemkataza, amekataa. Nimwambie nini?"

"Mwambie barabara imefungwa."

"Anaiona barabara, Muta. Magari yanapita."

Akakata. Tangu hapo hapokei simu yangu. Shule zimefunguliwa, amerudi kufundisha, nimepita pale getini mara nyingi na pikipiki, watoto wananipungia, yeye hageuki. Pacha wake ndiye aliyeniambia kwamba Nalongo alikaa pale kando ya barabara mpaka chakula kikapoa na wageni wakaaga, kisha akakunja mkeka mwenyewe, akaingia ndani, na hajatoka tena mpaka leo.

Njia ilikuwa wazi, mama, na mimi sikwenda.

Mwanao,
Muta